Hasira, upole na tansio: namna ya kujua tabia yako inaufanyia nini moyo wako

Kila juma kwenye kituo chetu cha afya hapa Katuba, Lubumbashi, naulizwa maswali yaleyale mawili. La kwanza huja na uso uliokunjwa: "Dokta, mimi ni mtu wa hasira. Nitakufa na moyo?" (Mimi ni muuguzi, lakini huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, na nimechoka kusahihisha.) La pili huja na tabasamu: "Mimi ni mpole, sigombani na mtu. Hiyo tansio itanishikia wapi?" (Tansio ni presha ya damu.)

Kwa kifupi: wa kwanza si lazima afe na moyo, na wa pili tansio inaweza kumshika vizuri sana. Wa pili ndiye ananitia hofu zaidi, kwa sababu haji kupimwa.

Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza makala (mkaa), mpole kama maji ya mtungini, amemleta mjukuu mwenye homa. Tukiwa tunasubiri kipimo cha malaria nikamfunga mkono kwenye mashini, kwa mazoea tu. 194 kwa 112 (namba ya kwanza ni moyo ukisukuma damu, ya pili ni ukipumzika). Nikamwacha apumzike, nikarudia: 190 kwa 110. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mashini yako ina wazimu. Mimi sijawahi kumpigia mtu kelele."

Basi mwongozo huu ni wa aina zote mbili, wa kelele na wa kimya. Unachukua kama majuma manane. Hautakuambia wewe ni mtu wa namna gani. Hilo jirani zako wanalijua tayari. Utakuonyesha moyo wako unapanda lini, kwa sababu ya nani, na unafanya nini baada ya hapo.

Kabla ya yote: nani asianze leo

Kama sasa hivi kifua kinabana au kinauma kama kimewekewa jiwe, maumivu yanapanda taya au kushuka mkono, unatoka jasho baridi, pumzi inakata, mdomo umeenda upande au mkono umelegea ghafla, funga ukurasa huu uende hospitali. Usiende peke yako kwa miguu. Wanawake wakati mwingine hawapati yale maumivu makali ya kifua. Wanapata uchovu wa ajabu, kichefuchefu na kukosa pumzi. Huku tuna maneno ya kujiliwaza: "roho inaniuma kwa ajili ya mawazo." Inaweza kuwa mawazo kweli. Acha kipimo cha hospitali ndicho kiseme.

Vitu unavyohitaji

Mashini ya tansio ya betri, ile ya kufunga mkono wa juu. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono huyumba kirahisi ukiweka mkono vibaya. Angalia ukubwa wa mkanda: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Ni ghali? Ni kweli. Ninajua lupango (kiwanja chenye nyumba kadhaa) moja pale jirani ambapo familia tatu zilichanga kama likelemba (upatu), zikanunua moja, na sasa inazunguka. Kama haiwezekani, panga na kituo cha afya au farmasi ya karibu, mashini ileile, saa zilezile.

Kaye (daftari) moja na biki (kalamu). Simu inafaa pia, ila simu huisha chaji na watoto huichukua.

Mtu mmoja anayekufahamu na asiyekuogopa. Ukikosa mtu wa hivyo nyumbani kwako, andika jambo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye. Ni jibu tayari.

Kama umeandikiwa dawa za tansio, endelea kuzimeza muda wote wa zoezi hili. Hatupimi ushujaa hapa.

Nadharia, kidogo tu

Miaka ya 1950 kule San Francisco, Marekani, madaktari wawili wa moyo, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walikuwa na viti kwenye chumba cha kusubiria vilivyohitaji kushonwa upya. Friedman alisimulia kwamba fundi alishangaa: viti vimeisha ukingo wa mbele tu, kana kwamba waliovikalia walitaka kuinuka kila dakika. Baadaye wawili hao wakaeleza tabia waliyoiita Aina A, yaani mtu wa haraka, wa mashindano, hasira karibu, na Aina B, mtu aliyetulia. Wakafuatilia wanaume 3,154 wa California wenye umri wa miaka 39 hadi 59 kwa miaka minane na nusu. Wa Aina A walipata ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wenzao.

Dunia nzima ikalishika neno hilo. Kisha uchunguzi mwingine mkubwa ukashindwa kuona tofauti hiyo, na mwaka 1988 ikaonekana jambo la kuchekesha: kati ya wale ambao moyo ulikuwa umekwisha kuwashika, wa Aina A ndio waliokufa wachache zaidi kuliko wa Aina B. Tena, nyaraka za kampuni za sigara zilipofunguliwa, ilionekana zilikuwa zimegharimia sehemu kubwa ya utafiti wa Aina A. Ziliupenda sana, maana tatizo likiwa ni tabia ya mvutaji, sigara inapona.

Kilichobaki baada ya pepeta hiyo ni kitu kidogo lakini kizito: kuharakisha peke yake si hatari kubwa, ila chuki, yaani kuwadhania watu ubaya na kukaa nao moyoni, inaendelea kuonekana kuwa ya hatari. Na miaka ya 1990 Johan Denollet, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, akaongeza Aina D: mtu aliyejaa huzuni na wasiwasi, halafu hasemi, anajificha kwa watu. Nguvu ya Aina D nayo inabishaniwa hadi leo. Nadharia imetosha.

Hatua ya 1: Pima juma zima bila kubadilisha kitu

Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa, jioni kabla ya bukari (ugali). Nenda kukojoa kwanza. Kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa dakika tano kimya kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, usifungwe juu ya shati. Nusu saa kabla hakuna sigara, hakuna kahawa, hakuna kubeba bidoni za maji. Usiongee mashini inapofanya kazi, hata kama ni kumjibu mama mkwe.

Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote mbili. Mwisho wa juma futa za siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu anaogopa mashini, halafu tafuta wastani wa zilizobaki. Ukipata 135 kwa 85 au zaidi nyumbani, hiyo ni tansio ya juu: leta kaye kituoni, huku ukiendelea na hatua zinazofuata. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika tano, rudia. Kama haijashuka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kuna dalili moja ya zile nilizotaja juu, nenda saa hiyohiyo.

Onyo: usipime ukiwa na hasira ili "kuona". Mimi nililifanya kosa hilo. Kijana wa moto (pikipiki ya abiria) alinidai nauli mara mbili mbele ya nyumba yangu, tukabishana mpaka majirani wakatoka, nikaingia ndani nikajifunga mkanda: 163 kwa 98. Nusu saa baadaye, 128 kwa 80. Ilinifundisha nini? Kwamba hasira hupandisha tansio ya mtu yeyote, hata ya mzima. Namba ya ugomvi usiichanganye na wastani wako.

Wengine hupima mara kumi mpaka wapate namba wanayoipenda, wakaiandika hiyo. Nawajua kwa kaye zao: zote 120 kwa 80, tarehe zote, mwandiko mmoja, biki moja.

Hatua ya 2: Majuma mawili ya kaye

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hutoroka. Kila mara mwili ukibadilika (taya kukaza, mapigo kwenda mbio, kichwa kupiga, tumbo kujikunja, pumzi fupi) andika mistari mifupi: saa, nini kilitokea, nani alikuwepo, mwili ulifanya nini, wewe ulifanya nini baadaye. Lile la mwisho usiliache hata ukisahau mengine yote.

Mfanyabiashara mmoja wa saruji pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliniruhusu kuonyesha sehemu ya kaye yake. Nimeondoa ya siri.

*Jumatatu, saa 2 asubuhi. Mteja amerudisha mfuko, anasema umeshika maji. Taya. Sigara moja.*

*Jumatatu, saa 10 jioni. Shemeji amepiga simu. Sikupokea. Kichwa. Sigara tatu.*

*Jumanne, saa 1 usiku. Shemeji tena. Nimeongea naye vizuri. Kisha nimemgombeza mtoto kwa ajili ya sahani. Bia mbili na makayabu (samaki wa chumvi).*

*Jumatano. Hakuna kitu. Sikulala.*

Alikuwa amekuja kwangu akisema wateja wanamuua. Baada ya siku 14 tulihesabu pamoja: hasira za wateja ziliisha kabla mteja hajafika barabarani. Shemeji alitokea mara tisa, na kila alipotokea kulifuata sigara, bia, au mtoto aliyegombezwa. Pale palikuwa na deni la miaka minne, na adabu ya ukwe iliyomzuia kulitaja. Unaona ile Jumanne? "Nimeongea naye vizuri." Mtu akisoma juujuu atasema siku hiyo hakukuwa na hasira.

Angalia pia Jumatano. Siku isiyo na kitu, usiku usio na usingizi. Hizo ziandike.

Hatua ya 3: Muulize mwenzako

Friedman na Rosenman hawakuamini sana yale mtu aliyosema juu ya nafsi yake. Walimhoji uso kwa uso, na muulizaji alikuwa makusudi anauliza mengine polepole, anavuta maneno, anasitasita, ili kuona kama yule mtu atamrukia na kumalizia swali. Walitazama namna ya kujibu kuliko jibu lenyewe.

Unaweza kulifanya hilo nyumbani bila koti jeupe. Mwambie mke wako, au mume, au yaya yako (kaka au dada mkubwa), akusimulie jambo refu: mipango ya kilio (msiba) cha mjomba wake, nani alileta unga, nani hakuleta. Wewe sikiliza mpaka mwisho. Usimalizie sentensi yake, usiseme "ndiyo, ndiyo, ndiyo" ya kumsukuma, usiangalie simu. Akimaliza, yeye ndiye anayeandika kwenye kaye ulimkatiza mara ngapi.

Kama wewe ni wa kimya, swali lako ni jingine. Muulize: "Mara ya mwisho nilikuambia nina shida ilikuwa lini?" Mama wa makala nilipomwambia akamuulize dada yake, dada alifikiri sana, akasema: "Ulipoumwa jino." Ilikuwa kabla ya corona.

Hatua ya 4: Gawa kaye yako mafungu matatu

Pitia mistari yote na uweke herufi pembeni. H kwa haraka: ulikasirika kwa sababu kitu kilichelewa. C kwa chuki: uliamini mtu amekufanyia makusudi, au ulilirudia jambo kichwani hata baada ya kuisha. K kwa kimya: kulikuwa na jambo na hukulisema. Mstari mmoja unaweza kuwa na herufi mbili. Wa shemeji una C na K. Usitafute kujua wewe ni "Aina" gani. Watu wanaojipa aina huishia kuitumia kama kitambulisho: "niache, mimi ndivyo nilivyo."

Hatua ya 5: Mazoezi, kwa majuma manne

*Ukiwa na H nyingi.* Friedman baadaye alikusanya zaidi ya watu 1,000 waliokwisha kupona shambulio la moyo, akaweka sehemu yao kwenye vikundi vya kubadilisha tabia. Kazi mojawapo ya nyumbani ilikuwa hii: chagua foleni iliyo ndefu kuliko zote, usimame hapo. Nyingine: ukiendesha gari, kaa upande wa wanaokwenda polepole. Baada ya miaka minne na nusu, shambulio lilirudi kwa asilimia 12.9 ya waliofundishwa tabia, dhidi ya asilimia 21.2 ya waliopata ushauri wa kawaida wa moyo tu.

Lubumbashi foleni ni za bure. Benki, bomba la maji, taksi-bus ya saa 11 jioni. Mara moja kwa siku, acha taksi-bus moja ipite ingawa nafasi ilikuwepo. Ukiwa umesimama angalia kitu kimoja tu: mkono wa konda, viatu vya mtu wa mbele, lile bomba refu la moshi la Gécamines (kampuni ya migodi) ukiwa upande wake. Siku tatu za kwanza utajiona mjinga. Kula nako kupunguze mwendo; tonge la bukari limeze kwanza kabla ya kuchukua linalofuata.

*Ukiwa na C nyingi.* Chini ya kila mstari wa C andika sababu ya pili ambayo ingeweza kumfanya yule mtu atende alivyotenda, hata kama huiamini. "Amenipita bila salamu kwa dharau" chini yake "au hajalala, mtoto anaumwa." Hasira ikiwa imekwisha kupanda, ondoka. Tembea mpaka mwisho wa avenue na kurudi, ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Kupiga mlango au kufoka "ili zitoke" hakuzitoi, kunakuzoeza kufoka.

Halafu kuna C ambazo haziondoki kwa pumzi, kwa sababu ni haki yako iliyoshikwa. Hizo zinahitaji kikao. Yule wa saruji aliita wazee wa pande mbili, mjomba wa mke akakaa kati, wakakubaliana malipo ya kila mwezi. Mpaka leo hajalipwa yote. Lakini sigara zimetoka kumi na mbili hadi nne kwa siku, na wastani wake wa asubuhi wa namba ya kwanza, pamoja na dawa, umetoka 152 hadi 136.

*Ukiwa na K nyingi.* Mtu mmoja, jambo moja, kila juma. Usianze na kubwa. Anza na "mgongo unaniuma" kwa mtu ambaye hukuwahi kumwambia hata hilo. Hili zoezi linaonekana jepesi kuliko yote, na ndilo linaloachwa zaidi, hasa na akina mama waliolelewa kwenye "ya nyumbani hayatoki nje" na wanaume walioambiwa kulia ni kwa watoto. Mama wa makala alichukua safari tatu za kituo kabla ya kuniambia kuhusu mwanawe aliyekwenda machimbo ya Kolwezi na kunyamaza miaka miwili. Sasa analisema kwa mwenzake wa kwaya. Tansio yake imeshuka, na lazima niseme wazi: imeshuka kwa vidonge kwanza. Kuongea kumemsaidia kuvimeza kila siku na kulala.

Hatua ya 6: Ziba njia za nyuma

Rudi kwenye ile safu ya mwisho ya kaye, "nilifanya nini baadaye". Ningekuwa na nafasi ya kukufundisha hatua moja tu, ningechagua hii. Mwaka 2004 utafiti mkubwa ulioitwa INTERHEART, uliofanywa kwenye nchi 52, ulionyesha kwamba mambo tisa yanaeleza kama asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo. Msongo wa mawazo ni mmoja wao. Lakini pamoja nao yumo tansio, sigara, mafuta mabaya ya damu, kisukari, tumbo kubwa, kukosa matunda na mboga, kutotembeza mwili, na mambo ya pombe. Sasa fikiri mtu mwenye hasira anakwenda wapi akikasirika. Anakwenda kwenye sigara na lutuku (pombe kali ya kienyeji). Na mwenye huzuni anakaa ndani, halali, hali mboga, anasahau vidonge. Tabia inaingia moyoni kwa mlango huo, na mlango una komeo.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, yamwagwe. Vile vidonge vya kutia ladha kwenye sombe (majani ya muhogo) vimejaa chumvi. Ukiviweka, usiongeze chumvi nyingine. Matembele na lengalenga (mchicha) kula unavyotaka. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma. Sigara, hata moja ya kutuliza hasira, hupandisha tansio hapohapo. Utulivu unaousikia ni kiu ya sigara inayotulizwa.

Hatua ya 7: Siku ya Mazembe na Lupopo

Usicheke, hii ni hatua kamili: siku timu mbili za mpira za hapa Lubumbashi zinapokutana. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, kule Munich na pembeni yake, dharura za moyo siku ambazo Ujerumani ilicheza zilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na wanaume ndio walioathirika zaidi. Pia inajulikana kwamba ndani ya saa mbili baada ya mlipuko wa hasira hatari ya shambulio la moyo hupanda zaidi ya mara mbili. Kwa kijana mzima mara mbili ya hatari ndogo sana bado ni ndogo. Kwa papa (mzee) wa miaka 60 mwenye tansio na sigara, ni hesabu nyingine.

Kwa hiyo siku hiyo: dawa kwa saa yake kabla ya mchezo, kunywa maji, lutuku hapana, kaa kivulini kama ni Oktoba, na keti karibu na mtu anayecheka. Kifua kikibana, toka kabla ya penalti na uombe kupelekwa hospitali. Mimi ni wa Lupopo, nina mazoezi ya miaka mingi ya kuumia kwa utulivu.

Hatua ya 8: Pima tena, halafu leta kaye

Baada ya majuma manne ya mazoezi rudia Hatua ya 1 kama ilivyo, mashini ileile, mkono uleule. Leta kaye nzima kituoni, usilete namba peke yake. Ukurasa wenye sigara tatu baada ya simu unamsaidia daktari kuliko "najisikia vibaya".

Ikikwama

*Mashini yangu na ya kituo hazikubaliani.* Tofauti ndogo ni kawaida. Lete yako, tupime zote mbili kwenye mkono mmoja, dakika chache katikati. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Baada ya hapo tumia ule unaotoa namba ya juu.

*Nyumbani ni nzuri, kituoni inapanda.* Ni woga wa koti jeupe, upo kweli. Endelea kuandika za nyumbani na uzionyeshe. Usiamue mwenyewe kwamba huna tansio, pima tena kila baada ya miezi michache.

*Nimetulia kabisa, hata mke wangu anashangaa, namba haijashuka.* Basi chanzo chake si hasira. Kwa watu wengi tansio haina sababu moja: umri, ukoo, chumvi, uzito, wakati mwingine figo. Meza dawa na ubaki na utulivu wako, nyumba imeufaidi.

*Namba zimekuwa nzuri, niache vidonge?* Hapana. Ni nzuri kwa sababu unavimeza. Anayepunguza ni yule aliyeandika.

*Moyo unadunda usiku, lakini tansio ni sawa.* Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yakiwa zaidi ya 100 umepumzika, tena na tena, au yanaruka bila mpangilio, njoo upimwe. Inaweza kuwa wasiwasi, inaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, au moyo wenyewe.

*Sina hasira wala haraka, sina hamu ya kitu chochote, na asubuhi sijali kama nimeamka.* Hilo si la kaye. Huo ni ugonjwa wa huzuni, unatibika, nao pia unaudhuru moyo. Mwambie mtu leo, na mje pamoja.

*Familia inasema nimerogwa.* Mimi sibishani na familia ya mtu. Sala na kidonge havijawahi kupigana tumboni. Fanyeni ya kwenu, na saa 1 asubuhi kidonge kimezwe.

*Nimefeli zoezi la kusikiliza. Mke wangu anasema nilimkatiza mara kumi na moja.* Wengi huanza na zaidi. Rudia kesho jioni kilio kilekile cha mjomba, tangu mwanzo, na simu uiache chumbani.